Neno "Disgusting": Maana Yake na Matumizi Yake



Katika masomo ya Kiingereza yako maneno ambayo mwanafunzi hujifunza kwa kamusi, na yako maneno ambayo hujifunza kwa aibu. Neno ninalotaka kulieleza leo, yaani "disgusting", mimi nililijifunza kwa aibu. Nimeona afadhali niandike habari zake katika gazeti letu, kusudi wenzangu walio nyuma yangu wapate faida ya neno hili bila ya kupata aibu yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Shule ilipofunguliwa mwezi wa Januari mwaka huu, tulirudi bwenini kila mtu na sanduku lake, na ndani ya sanduku kila mtu ana kitu kidogo cha kumkumbusha nyumbani. Kwetu ni Tanga, na mama hunifungia papa mkavu. Mwenzangu anayelala kitanda cha chini, mimi nikilala cha juu, kwao ni Bukoba. Yeye alileta kopo la senene.

Wale wasiowajua senene wafahamu ya kuwa ni wadudu wa jamaa ya panzi. Huja usiku kwa makundi makubwa wakati wa mvua, hasa mwezi wa Novemba na Desemba, na tena mwezi wa Aprili na Mei, nao hupenda kufuata mwanga wa taa. Watu huwakusanya, wakawanyofoa mbawa na miguu, kisha wakawakaanga. Kwa Wahaya hiki ni chakula cha heshima, ambacho mgeni hukaribishwa nacho na mtoto aliye mbali hupelekewa.

Basi ndugu yule alifungua kopo lake, akanikaribisha mimi wa kwanza. Nikatazama ndani, nikaona macho na matumbo, nikaruka nyuma na kupiga ukelele ambao bweni zima lilisikia: "Disgusting! You are disgusting!" Wenzetu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Alifunika kopo, akalirudisha sandukuni, akatoka nje.

Wiki ile ile Mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa insha ya kueleza siku ya kwanza ya muhula. Kwa kuwa sikuona kosa langu, nikakiandika kisa hicho kama jambo la kuchekesha, na katikati nikaweka sentensi hii: "When I saw the insects I was very disgusting." Daftari liliporudi, sentensi ile ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni Mwalimu alikuwa ameandika kwa Kiswahili, jambo ambalo si desturi yake: "Sarufi si sahihi. Lakini je, ni uongo?" Sikumfahamu. Nikaenda ofisini kumwuliza, na hayo nitakayoeleza hapa chini ni yale niliyoyapata kwake, pamoja na mengine niliyoyatafuta maktaba.

Asili ya neno

Neno "disgusting" ni neno la sifa, yaani kivumishi, nalo limetokana na "disgust", ambalo maana yake ni kinyaa au karaha. Shina lake ni neno la Kilatini "gustus", yaani ladha. Waitalia bado wana neno "gusto", na Wafaransa wana "goût", yote mawili yakiwa na maana hiyo hiyo ya ladha. Kipande cha mbele, "dis-", ni cha kukana au kutenga. Kwa hiyo "disgust", ukilichambua, ni hali ya kukataa ladha. Neno hili liliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17.

Yaani mwanzo wake ni mdomoni. Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alitoa kitabu mwaka 1872 juu ya namna watu na wanyama wanavyoonyesha mioyo yao kwa nyuso zao, na humo alieleza uso wa mtu aliyeingiwa na kinyaa: kinywa huachama, mdomo wa juu huinuka, pua hukunjamana, na pengine mtu hutema mate. Tazama vizuri, utaona ya kuwa huo ni uso wa mtu anayetoa kitu kinywani, hata kama hakuna kitu alichokula.

Baadaye neno liliondoka kinywani likaenda mbali. Likaenda puani, likasemwa juu ya harufu ya uvundo. Likaenda machoni, likasemwa juu ya kidonda kilichooza. Mwisho likafika moyoni, likasemwa juu ya matendo: wizi, ulaji wa rushwa, kumdhulumu yatima. Nasi katika Kiswahili tumekwenda njia hiyo hiyo. Kukinai ni kwanza kwa chakula, lakini mtu husema pia, "Nimekinai na maneno yako." Kuchafuka ni kwa tumbo, lakini twasikia kila siku, "Moyo wangu umechafuka."

Tofauti ya "-ing" na "-ed"

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, nami nilianguka mbele ya watu.

Katika Kiswahili tuna kitenzi "kuchukiza" na kitenzi "kuchukizwa". Hakuna mtoto anayechanganya viwili hivi. Kinachochukiza ndicho kinachotoa chuki. Anayechukizwa ndiye anayeipokea. Kiingereza nacho kina njia mbili kama hizo. "Disgusting" ni sifa ya kile kinachotoa kinyaa, na "disgusted" ni sifa ya yule anayekipokea.

"The smell is disgusting", maana yake, harufu hii inatia kinyaa.

"I am disgusted by the smell", maana yake, mimi nimetiwa kinyaa na harufu hii.

Sheria hii si ya neno hili peke yake. Anayesema "I am bored" amechoshwa na jambo, lakini anayesema "I am boring" amekiri ya kuwa yeye ndiye anayewachosha wengine. Vivyo hivyo "tired" na "tiring", "annoyed" na "annoying", "interested" na "interesting". Ukiwa na shaka, geuza sentensi yako kwa Kiswahili, ujiulize: nani anatoa, nani anapokea? Mtoaji mpe "-ing", mpokeaji mpe "-ed".

Sasa tuigeuze sentensi yangu. Nilikusudia kusema, "Nilipowaona wale wadudu niliingiwa na kinyaa." Nilichoandika kilikuwa hiki: "Nilipowaona wale wadudu nilikuwa mtu wa kutia kinyaa sana." Ndipo nilipofahamu swali la Mwalimu. Nilikuwa nimetaka kueleza kopo la mwenzangu, kumbe nimejieleza mwenyewe.

Kosa la pili katika sentensi ile ni neno "very". Vitabu vya sarufi hufundisha ya kuwa sifa zenye nguvu nyingi hazihitaji kuongezewa "very", kwa sababu ukubwa umo ndani yake tayari. Ukitaka kukaza, sema "absolutely disgusting" au "really disgusting". Tena, tuangalie maneno madogo yanayofuata nyuma: mtu huwa "disgusted by", "disgusted at" au "disgusted with" kitu. Hii ya mwisho hutumika sana mtu anapojichukia mwenyewe kwa tendo lake: "I was disgusted with myself." Sentensi hiyo niliihitaji baadaye.

Ndugu za neno hili

Kiingereza kina maneno mengi ya kinyaa, na karibu kila moja lina picha yake ndani.

"Nauseating" ni lenye kuleta kichefuchefu. Asili yake ni neno la Kigiriki la jahazi au meli, kwa maana kichefuchefu walichokijua zaidi watu wale kilikuwa cha baharini. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Aliyewahi kuvuka kwenda Unguja au Pemba siku ya upepo analifahamu neno hili kwa tumbo lake.

"Repulsive" limetoka katika Kilatini, kwa neno lenye maana ya kusukuma. Kitu cha namna hii hukusukuma nyuma kama mkono kifuani.

"Revolting" lina picha ya kugeuka. Lakini neno hili lina maana mbili, nasi tujihadhari. Mtu akisema "The people are revolting", huenda watu wale wameasi serikali yao, au huenda wanatia kinyaa. Waingereza wenyewe hulifanyia mzaha. Katika mtihani wa historia ni salama zaidi kuandika "The people revolted".

"Loathsome" ni neno la zamani la Kiingereza chenyewe, lenye chuki nyingi ndani yake. Husomwa vitabuni kuliko linavyosikika katika mazungumzo.

"Nasty" ni jepesi kuliko hayo yote, na mtu aweza kulisema juu ya dawa chungu bila ya kumwudhi mtu. Chini yake liko "unpleasant", yaani kisichopendeza, ambalo ni neno la adabu. Laiti ningalisema hilo siku ile! Au laiti ningalisema tu "No, thank you", ambayo ni maneno matatu, nayo yametosha kwa watu wengi walioletewa chakula wasichokitaka.

Kinyaa ni cha nani?

Mwalimu aliniuliza swali: "Hao senene, kinyaa kimo ndani yao au kimo ndani yako?" Nikajibu ya kuwa kimo ndani yao. Akaniuliza, "Basi kwa nini mwenzako hakioni?" Nikanyamaza.

Darwin, katika kitabu kile nilichokitaja, ametueleza jambo lililomtokea huko Tierra del Fuego, ncha ya kusini kabisa ya Amerika, alipokuwa safarini na meli iitwayo Beagle kati ya mwaka 1831 na 1836. Alikuwa akila nyama baridi iliyohifadhiwa, akaja mwenyeji wa nchi ile akaigusa kwa kidole. Mwenyeji akaona kinyaa kwa sababu nyama ile ilikuwa laini. Naye Darwin akaona kinyaa kwa sababu chakula chake kimeguswa na mtu yule, ijapokuwa mikono yake haikuonekana kuwa michafu. Nyama ilikuwa moja, na kila mmoja alikuwa na kinyaa chake.

Nisieleweke vibaya. Kinyaa si kitu kibaya. Ni kama askari mlangoni, anayetuzuia tusile kilichooza na tusishike kinyesi, na kwa njia hiyo hutuepusha na kuhara na kipindupindu. Mtu asiyeona kinyaa hata kidogo hatanawa mikono. Lakini askari huyu hakuzaliwa akiwajua watu wote. Mtoto mchanga hutia kinywani chochote anachokiokota, nasi wakubwa ndio tunaompigia kelele, "Tema! Kichafu hicho!" Kwa hiyo mengi anayoyajua askari wetu ameyapata kwa watu wa nyumbani, na nyumba si moja.

Tena askari huyu hakubali upesi kusahihishwa. Mwaka 1986 Paul Rozin na wenzake wawili wa Marekani walitangaza majaribio yao. Walitia katika kinywaji cha matunda mende aliyekufa, aliyekwisha kusafishwa hata hana kijidudu cha ugonjwa. Watu walijua ya kuwa hana madhara, lakini kinywaji hawakukitaka tena. Akili ilisema "ni salama", na tumbo likasema "sitaki".

Na kama ni hesabu, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu mwaka 2013 kilichokadiria ya kuwa wadudu ni sehemu ya chakula cha asili cha watu wasiopungua bilioni 2 duniani, na aina za wadudu wanaoliwa hupita 1,900. Basi mimi niliyepiga ukelele bwenini nilikuwa nimewatukana watu bilioni 2 kwa neno moja.

Hapa Kiswahili chetu kina hekima ambayo Kiingereza hakikulazimishi kuwa nayo. Mswahili husema, "Naona kinyaa", au "Kinanichukiza". Katika hayo yote mawili msemaji yumo ndani ya neno, hawezi kujificha. Lakini Mwingereza akisema "It is disgusting", msemaji hayumo. Amesema kana kwamba kinyaa ni rangi ya kile kitu, ambayo kila mwenye macho ataiona. Mwalimu alinifundisha dawa yake, ni maneno mawili tu: "to me". Ukisema "It is disgusting to me", umesema kweli, wala hukumhukumu mwingine.

Neno hili juu ya mtu

Kusema chakula kinatia kinyaa ni utovu wa adabu. Kusema mtu anatia kinyaa ni jambo kubwa kuliko hilo, nami ndilo nililolisema: "You are disgusting." Kitu cha kutia kinyaa hatuzungumzi nacho. Twakikanyaga, twakifagia, twakitupa. Kwa hiyo anayempa mtu sifa hiyo amekwisha kumwondoa katika hesabu ya watu.

Haya si maneno ya kukuza jambo. Jirani zetu wa Rwanda wanajua neno la kinyaa linaweza kufika wapi. Mwaka 1994, na hata kabla ya mwaka huo, Watutsi waliitwa "inyenzi", yaani mende, na redio ililirudia neno hilo huku mauaji yakiendelea. Muuaji hakuambiwa aue jirani yake. Aliambiwa kuna mende. Bweni letu si Rwanda, nami sikukusudia ubaya wa namna ile. Lakini kicheko cha wenzangu siku ile kilinionyesha jinsi ilivyo rahisi mtu mmoja kusema na wengine arobaini kufuata.

Nilivyokwenda kuomba radhi

Baada ya mazungumzo yale nilimfuata mwenzangu jioni, akiwa anafua nguo bombani. Nikamwomba radhi kwa Kiswahili, maana Kiingereza nilikuwa nimekwisha kukiogopa. Akakamua shati lake, akalitundika, halafu akanijibu kwa upole:

"Ndugu yangu, papa wako nimemvumilia tangu Kidato cha Kwanza. Usiku wa kwanza sikulala kwa harufu yake. Nikafungua dirisha, nikanyamaza, kwa sababu nilijua ya kuwa ni mama yako aliyekufungia."

Wasomaji, miaka mitatu nimelala juu ya mtu huyu, na kila mwanzo wa muhula nimeona dirisha letu likiwa wazi, nikadhani anapenda upepo.

Jioni ile alifungua kopo tena, nami nikachukua senene mmoja. Sitadanganya kwamba mkono haukutetemeka. Ana mafuta na chumvi, na huvunjika menoni kama dagaa waliokaangwa vizuri. Nikachukua wa pili. Yeye naye nilimpa kipande cha papa; akala kidogo, akasema kwa Kiingereza safi, "It is unpleasant to me", tukacheka wote wawili.

Mambo ya kukumbuka

Kwa wenzangu mtakaofanya mtihani, na kwa wote mtakaolitumia neno hili nje ya mtihani, nafunga kwa mambo manne.

Kwanza, "disgusting" ni kwa kitoacho kinyaa, na "disgusted" ni kwa mwenye kukipokea.

Pili, usiliongezee "very". Lina nguvu za kutosha.

Tatu, juu ya chakula cha mwenzio usilitumie kabisa. Ikiwa huna budi kueleza unavyoona, ongeza "to me", au tumia neno jepesi.

Nne, neno hili lina kazi yake ya haki. Choo kisichosafishwa wiki nzima kinastahili kuitwa "disgusting", na aliye zamu akafanye kazi. Kumwibia mgonjwa uji wake ni tendo la "disgusting", na tuliseme bila ya kuogopa. Lakini hata hapo tulipe jina tendo, tusimpe mtu, kwa sababu tendo laweza kuachwa, na mtu atabaki kuwa mwenzetu.

Wazazi watakaosoma makala haya nawaomba waendelee kutufungia vya nyumbani. Bweni letu lina madirisha ya kutosha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne